Jicho Lililolia Kwenye Misiba ya Watu

Jumanne moja ya mwezi wa saba Gideoni Ntandu alikuja nyumbani kwangu Ihanja kuniomba niisome historia ya marehemu baba yake siku ya Alhamisi. Nilipaswa kumjibu neno moja tu: siwezi. Alhamisi hiyohiyo nilikuwa na nafasi ya kupasuliwa jicho katika hospitali ya mjini Singida. Kadi yenye tarehe ilikuwa juu ya meza, katikati yetu. Niliigeuza kifudifudi, nikamwambia, "Nitasoma."

Naandika haya kwa ajili ya yeyote ambaye jicho lake linatiririka na watu wanamwambia ni upepo tu, au ni uzee, au amerogwa. Mambo ya kitaalamu siyajui, na waliojifanya kunifundisha kijijini walikuwa hawayajui kuliko mimi. Nitaeleza niliyoyapitia, na upumbavu wangu sitauficha. Wa wengine pia sitauficha.

Ilianza miaka mitatu kabla ya hapo, msimu wa kuvuna alizeti. Jicho la kushoto lilitoa machozi bila sababu. Asubuhi kope zilikuwa zimegandana kwa matongotongo, zikawa hazifunguki mpaka nizilainishe kwa maji ya uvuguvugu. Shavu lilichubuka kwa kupanguswa kila saa. Nikikandamiza kona ya jicho, pale karibu na pua, usaha ulipanda ukatoka. Mtu mwenye akili angekwenda hospitali. Mimi nilikuwa na elimu ya kidato cha nne, kwa hiyo nilikwenda kwa muuza asali.

Alikuwa jamaa wa Itigi aliyepanga chupa zake kando ya barabara pale Mkiwa. Akanipa asali ya nyuki wadogo, akasema nitie tone moja asubuhi na moja jioni. Mimi nilitia matatu, kwa pupa. Jicho liliwaka moto, kope zikashikamana zaidi, na siku ya pili niliamka nikakuta sisimizi wamejipanga kwenye mto wangu, safari yao inaelekea usoni.

Dada yangu Eliza alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika fremu.

"Zaka, sasa umekuwa mzinga. Nikulinie lini?"

Eliza alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka minne. Mimi ni mgane, yeye alikuwa mjane, na miji yetu ilitenganishwa na ua wa minyaa. Nilikula kwake kila siku. Ulimi wake ulikuwa mkali, na alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na karibu kila jirani. Lakini jirani hao hao wakiuguliwa walimwita yeye kwanza, maana alikuwa mtu wa kwenda, si wa kutuma salamu.

Sasa nieleze kazi yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Zamani nilikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika. Nina mwandiko mzuri na sauti inayofika nyuma ya turubai, kwa hiyo mtu akifa Ihanja au vijiji vya karibu, historia yake huandikwa na kusomwa na mimi. Familia hunieleza alizaliwa lini, alibatizwa lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Mabaya hawayasemi na mimi siulizi. Miaka yote ile sikumsomea mchoyo hata mmoja, wala mlevi, wala mtu aliyempiga mkewe. Wote walikuwa "watu wapole, wenye maneno machache, wasiogombana na jirani." Sentensi hiyo ilikuwa tayari katika daftari langu. Kilichobadilika ni jina.

Jicho lilipoanza kutiririka, sifa zangu zilipanda. Misiba yetu ni ya uwanjani, na mwezi wa sita na wa saba upepo wa kwetu unakuja na vumbi na baridi. Nikisimama kuuelekea, jicho linamwaga kama bomba bovu. Watu hawakuona jicho bovu. Waliona mzee mwenye uchungu. Wanawake walianza kulia waliponitazama, na wanaume waliinamisha vichwa. Nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema, "Tumtafute yule mzee anayelia."

Ningeweza kusema kweli siku ileile. Badala yake nilijifunza kuiacha leso mfukoni mpaka nifike kwenye "ameacha watoto." Nilijifunza kuchagua mahali pa kusimama kufuatana na upepo unakotoka. Nilikuwa na miaka sitini na tisa na nilikuwa nikiringia ugonjwa.

Eliza hakudanganyika. Baada ya msimu wa pili wa alizeti aliniambia, "Kesho tunakwenda mjini. Ukikataa nasimama msiba wa Jumamosi nawaambia wote kwamba hilo ni jicho linalooza."

Tulikwenda. Chumba cha kusubiria kliniki ya macho kina mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya watu, na unasogea kiti kimoja kimoja mpaka unaufikia mlango. Karibu yetu alikaa mama kijana na mtoto wa miezi mitatu, jicho la mtoto limejaa matongotongo kama langu. Bibi wa mtoto alikuwa pembeni akimlaumu mama huyo kwamba hakumkamulia maziwa ya kifua jichoni. Nesi alitoka akamsikia.

"Bibi, maziwa ni ya mdomoni," alisema. Kisha akamshika yule mama kidole, akamwonyesha namna ya kumsugua mtoto taratibu kwenye kona ya jicho kushuka kando ya pua, mara kadhaa kwa siku, mikono ikiwa safi. Akamwambia watoto wengi huzaliwa njia ya machozi haijafunguka, na wengi hufunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka; isipofunguka, arudi.

"Na mtoto huyu je?" Eliza akamuuliza nesi kwa kunielekezea kidevu. "Huyu ana sitini na tisa na bado hajafunguka."

Benchi zima lilicheka. Mimi nilinuna. Niliona si haki mtu wa heshima yangu kuchekwa na watu wenye macho mekundu.

Daktari alikuwa kijana mwenye maneno machache ya kweli. Aliniuliza kama niliwahi kuvunjika pua, kama nina mafua yasiyokwisha. Sina. Akasema basi ni umri. Kwa wazee njia ile hujibana yenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Machozi hukosa pa kushukia, yakatuama kwenye kifuko kando ya pua na kuoza. Kisha alichukua sindano butu akaingiza maji ya chumvi kwenye kitundu kidogo cha ukope.

"Umeonja chumvi kooni, mzee?"

"Hapana."

Akajaribu tena. "Sasa?"

"Hapana."

Mara ya tatu maji yote yalirudi yakanimwagikia shingoni. Alisema dawa za matone zitapunguza usaha lakini njia haitafunguka kwa dawa. Inatakiwa kutengenezwa nyingine kwa upasuaji. Bingwa wake huja mara chache kwa mwaka na orodha hujaa. Akanionya nisikubali mtu yeyote kutoboa pale, hata pakivimba vipi.

Eliza alirudi hospitali peke yake mara mbili kufuatilia orodha. Mara ya pili alikuja na kadi, kaiweka ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na sabuni. Alhamisi. Asubuhi. Nisile kitu.

Na Jumanne yake ndipo Gideoni akaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Mzee, familia imekaa. Watakuja watu kutoka Dodoma, kutoka Manyoni, kutakuwa na spika kubwa nne. Tumesema hatutaki mwingine. Tunakutaka wewe, kwa ile sauti yako na... vile unavyoguswa."

Vile ninavyoguswa. Marehemu Ntandu alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na nilimfahamu vizuri tangu enzi za ushirika. Hakuwahi kuleta gunia lisilo na mchanga chini. Wajane wawili walimlilia wakati wa uhai wake, kwa alivyowanyang'anya mashamba. Niliyajua hayo yote. Lakini spika nne zilinipanda kichwani, nikaigeuza ile kadi.

Eliza aliposikia alikuja na mwiko mkononi.

"Zaka, Ntandu alipokuwa hai ulikuwa unamwitaje?"

"Mwizi wa mizani."

"Na Alhamisi utamwitaje?"

Nikalifungua daftari langu.

"Nakuuliza wewe mtu wa sekondari. Utamwitaje?"

"Ndiyo taratibu za msiba, dada. Mtu hasemwi vibaya kaburini."

"Na hospitali?"

"Nitatuma mtu aseme naumwa. Watanipangia tena."

Akasema, "Unaacha kwenda hospitali, unawaambia hospitali unaumwa." Akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Na mimi siku yangu utanisomea hiyohiyo? Mpole, maneno machache?"

"Yako nitaiandika upya. Naapa. Nitaandika ulivyowakimbiza wale wa kodi kwa mchi."

"Andika na la sanduku," alisema.

La sanduku ni hili. Siku niliyokwenda sekondari ya bweni, upande wa Kinampanda, niliona haya kuonekana na wanafunzi wenzangu nimebeba mzigo kichwani. Eliza alinibebea sanduku la bati mpaka barabarani, na lori lilipokaribia akalitua na kujificha nyuma ya kichaka ili nionekane nimekuja mwenyewe. Nilipanda bila kumuaga. Hilo tulilijua yeye na mimi tu.

Alhamisi nilimsomea Ntandu. Nilisimama kuuelekea upepo. Vumbi lilikuwa jingi na jicho lilifanya kazi yake kuliko siku zote. Ukosi wa shati ulilowa. Niliposema "mpole, asiyegombana na jirani," mmoja wa wale wajane, aliyekuwa mstari wa nyuma, alinyanyuka akaenda zake. Wengine walilia. Gideoni alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikula pilau ya wageni wa heshima, na saa ile ningekuwa kitandani nimeshafunguliwa njia.

Jumapili kona ya jicho ilivimba kama kunde. Jumatano ilikuwa kubwa kama njugu mawe, nyekundu, yenye joto, na kichwa kiligonga. Eliza alisema twende hospitali. Nilikataa, maana nilikuwa nimetuma uongo kwa nesi na niliona aibu kumtazama usoni. Tena Jumamosi nilikuwa nimeombwa kusoma mahali pengine, na sikutaka kusimama mbele za watu na uvimbe. Kwa hiyo nilimwita Bwana Chanjo.

Bwana Chanjo aliwahi kubeba maboksi ya chanjo za mifugo, na tangu hapo anajihesabu mganga. Huwapasua ng'ombe majipu, na wengi wao hupona kwa ukaidi wao.

"Jipu ni jipu, mzee," aliniambia akipasha wembe kwenye moto. "Ngozi ya ng'ombe na ya mtu zote ni ngozi. Tulia tu."

"Daktari alisema pasitobolewe."

"Daktari atakula wapi ukipona nyumbani?"

Nilicheka. Niliona ni jibu la busara. Akakata.

Usaha ulitoka mwingi, maumivu yakapungua, na nilimsifu kwa kila aliyepita siku ile. Kesho yake nilikuwa na homa ya kutetemeka. Jicho lote lilifumba. Siku iliyofuata lilikuwa limesukumwa mbele kama linataka kutoka, na nilipofunguliwa ukope kwa vidole niliona ukungu mwekundu tu. Eliza alinifunga shuka mabegani, akasimamisha gari barabarani kwa kusimama katikati ya barabara.

Daktari alikuwa yuleyule. Alitazama lile kovu bichi.

"Nani amekata?"

"Mtu wa mifugo."

Kalamu yake ilibaki hewani kidogo. "Mzee, Alhamisi ile bingwa alikusubiri mpaka saa tano. Tulimpa nafasi yako mama mmoja kutoka Iramba. Ameshatoka, amepona."

Nililazwa. Sindano za mshipa zilikuja mchana na usiku, na siku nilizihesabu kwa hizo. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya tano uvimbe ulianza kunywea, kidogo sana. Siku ya sita daktari alinimulika tochi jichoni, akaniuliza naona nini. Nilisema subiri, akimulika nitamwambia. Alisema, "Nimeshamulika." Ugonjwa ulikuwa umebana mshipa wa kuonea nyuma ya jicho, na jicho halikuona tena.

Eliza alikuja kila baada ya siku moja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiniponda mbele ya wodi nzima. "Huyu mnayemwona analilia matajiri," aliwaambia wagonjwa. "Mkitaka kuliliwa vizuri, kwanza muibe mizani." Wodi ilimpenda. Alinikata kucha, alinibadilishia foronya. Siku ya mwisho alipokuja alichelewa kuondoka, akasimama mlangoni akasema, "Hilo moja lililobaki lifunge kamba." Kisha hakuja tena.

Alikuja mwanangu Danieli kutoka Manyoni.

"Shangazi yako yuko wapi?"

"Shangazi anapumzika kidogo, baba. Amechoka na safari."

Nilimwamini. Eliza alikuwa na haki ya kuchoka nami. Nilikaa wodini siku tisa nyingine nikipanga namna ya kumwomba radhi, na Danieli alikaa siku hizo zote akinilisha uji uliopikwa na mtu mwingine bila mimi kutambua ladha yake.

Aliniambia ndani ya gari, tulipokaribia nyumbani. Presha ilimwangusha Eliza asubuhi moja, jikoni kwake, maji ya uji yakiwa motoni. Walimzika kesho yake. Wakubwa wa familia waliamua nisiambiwe kwa sababu ya hali yangu.

"Ungenileta hata na sindano mkononi!" nilimpigia kelele.

"Baba, hukuwa na uso. Ulikuwa umevimba hata kukutambua siwezi." Kisha akasema lile lililokuwa moyoni mwake muda wote. "Na Alhamisi ile hakuna aliyekuzuia kwenda hospitali. Ulijizuia mwenyewe."



Niliuliza nani alisoma historia ya Eliza. Alisoma katibu wa usharika, mtu mwema, asiye na hatia yoyote. Hakumjua sana Eliza na muda ulikuwa mfupi. Kwa hiyo alikuja nyumbani kwangu, akachukua daftari langu, akafungua ukurasa wa mwisho, ambao ulikuwa wa Ntandu, akabadilisha jina. Eliza, aliyewakimbiza watu wa kodi kwa mchi na kusimamisha magari kwa mwili wake, alishushwa kaburini akiwa mtu mpole, mwenye maneno machache, asiyegombana na jirani. Danieli anasema baadhi ya majirani walitazamana. Hakuna aliyesema kitu. Ndiyo taratibu za msiba.

Mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua za kwanza, bingwa alirudi na nikapasuliwa. Wapo wanaouliza kwa nini kulipasua jicho lisiloona. Ni kwa sababu njia isipotengenezwa usaha hurudi, na safari nyingine unaweza kupanda juu zaidi. Nawaambia wanaoiogopa operesheni hii: si kitu. Unalala, unaamka, pua inaziba na kutoka damu kidogo kwa siku chache, macho yanakuwa na wekundu, basi. Walinikataza kupenga kamasi kwa nguvu kwa majuma mawili. Nilipopelekwa kuangaliwa, daktari alichukua ile sindano butu akaingiza maji.

"Umeonja chumvi, mzee?"

Nilionja. Ilishuka nyuma ya pua mpaka kooni, wazi kabisa.

"Safi," alisema. "Njia imefunguka. Hata ukilia sasa machozi yatapata pa kupita."

Mvua ziliponyesha na watu walipokuwa wakipanda alizeti, nilikwenda kaburini kwa Eliza na karatasi mbili. Nilikuwa nimeandika historia yake upya, la mchi, la sanduku, na kile kichaka alichojificha. Nilisimama nikaisoma kwa sauti ile ya kufika nyuma ya turubai, na mbele yangu kulikuwa na mbuzi wawili wa jirani aliyegombana naye. Nilipofika kwenye lori nilishindwa kuendelea. Nilipapasa shavu la kushoto, nikalikuta ni kavu. Machozi yalikuwa yakishuka kwa njia yake mpya, na niliyameza.

Siku hizi siombwi kusoma. Jicho la kulia limeanza mtoto wa jicho, na la kushoto halitiririki tena, kwa hiyo sina wanachokitaka. Bwana Chanjo bado anapasua. Mtoto wa Gideoni ana jicho linalotoa machozi, nikamwambia Gideoni ampeleke kliniki. Akanijibu kwamba bibi yake anamtilia asali. Nilikwenda nikamwaga ile chupa mbele yao, na hatusalimiani. Eliza angenielewa.

Uamuzi wangu wa Jumanne ile ulinigharimu jicho la kushoto. Ulinigharimu pia maziko ya dada yangu. Alizikwa kwa maneno ya mwizi wa mizani, niliyoyaandika mimi, wakati mtu pekee aliyejua maneno yake halisi alikuwa hai, amelala hospitali kwa ugonjwa ambao ungekuwa umekwisha.